Mng'aro Hautoki Kwenye Kopo: Kupaka Rangi Rimu za Gari Hapa Hapa Nyumbani

Yafuatayo ni maelezo ya fundi rangi mmoja yaliyotolewa Kabungu, Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi, mbele ya wajumbe wa kamati za parokia, madereva na vijana wanaojifunza ufundi. Tumeyachapa karibu kama yalivyosemwa, kwa kuwa parokia nyingi zina gari moja tu na gari hilo ndilo linalobeba wagonjwa, saruji, mahindi na wageni.



Nimeombwa nieleze namna ya kupaka rimu rangi hadi zing'are, bila kupeleka gari mjini. Najua wahazini wawili au watatu hapa wameshakunja nyuso. Wanajiuliza, fedha za wafadhili ziende kwenye urembo wa magurudumu wakati zahanati haina mapazia? Swali hilo ni la haki, nami nalijibu kwanza.

Rimu ya chuma ikishaanza kutu, kutu haibaki pale unapoiona. Inaingia ndani, kwenye ukingo ambapo tairi linakaa. Kama tairi halina tyubu, upepo unashikiliwa na huo ukingo peke yake. Kutu ikivimba pale, upepo unatoka kidogo kidogo. Dereva anajaza Jumatatu, Alhamisi tairi limelala. Anadhani ana pancha, analipeleka kuzibwa, fundi haoni tundu. Tairi linalokimbia likiwa na upepo mdogo linapata joto, na likipata joto linaharibika kutoka ndani. Sasa fikirini gari hilo limetoka Karema au Ikola usiku, nyuma kuna mama mjamzito. Kwa hiyo rangi ya rimu, ikipakwa vizuri, ni kinga kwanza. Mng'aro nao una kazi: rangi inayong'aa ni rangi iliyojifunga, haina vitundu, maji na tope haviishiki, na inasafishika kwa kitambaa tu. Rangi iliyofifia na yenye chengachenga inashika vumbi, vumbi linashika maji, na kutu inarudi.

Basi tuanze. Mtu akitaka mng'aro, jambo la kwanza analofanya ni kwenda dukani kutafuta rangi ya bei kubwa. Sikatai, rangi mbaya zipo. Lakini mng'aro ni nini hasa? Waliofika Ziwa Tanganyika alfajiri, kabla ya upepo, wameona jinsi milima inavyojionyesha majini. Saa nne upepo ukianza, maji ni yale yale, ila milima haionekani tena. Rangi ni hivyo hivyo. Uso ukiwa umenyooka, mwanga unarudi kwa pamoja na unaona sura yako. Uso ukiwa na mikwaruzo, vumbi au mabonde, mwanga unatawanyika, nawe unasema rangi haing'ai. Kopo halitanyoosha kitu ambacho msasa haukukinyoosha. Rangi ni nyembamba sana, inafuata kila kilichoko chini yake.

Kabla ya msasa, ondoa gurudumu kwenye gari, na kama inawezekana, toa tairi kwenye rimu. Najua si kila kijiji kina mashine ya kutolea tairi. Kama halitoki, punguza upepo, kisha chomeka kadi ngumu kati ya tairi na rimu kuzunguka pande zote. Wengine wanatumia karata za kuchezea. Mimi napenda kalenda za mwaka uliopita, zile za karatasi ngumu, zikatwe vipande kama viganja. Zinakaa vizuri kuliko gazeti, maana gazeti linalowa na kugandia kwenye rangi.

Osha rimu kwa maji na sabuni ya unga, mbele na nyuma. Ikikauka, itazame juani polepole, hasa kuzunguka matundu ya nati na pale ilipochomelewa. Unatafuta ufa. Hapa naomba tusielewane vibaya: rimu yenye ufa haipakwi rangi. Haijazwi patii. Haipelekwi kuchomelewa na fundi wa mageti. Inawekwa kando, inatobolewa ili asije mtu akaiuza. Rangi nzuri ni hatari juu ya rimu mbovu kwa sababu inaficha. Na ninyi mnaonunua magari yaliyotumika kwa niaba ya parokia, mkikuta gari lina umri mkubwa na rimu zimepakwa jana, msifurahi haraka. Ombeni zifunguliwe, mtazame upande wa ndani ambako muuzaji hakujisumbua.

Baada ya kuosha, toa mafuta. Vijana wengi hufanya kinyume: wanapiga msasa kwanza, halafu wanafuta mafuta. Ukipiga msasa juu ya mafuta, unayasukuma ndani ya mikwaruzo na hayatoki tena. Chukua vitambaa viwili vya pamba vilivyo safi. Kimoja kilowe thina, kingine kikavu. Unapitisha cha thina, na kabla hakijakauka unapitisha kikavu, maana ukiacha thina ikauke yenyewe, mafuta yanabaki pale pale. Kuna adui mmoja ambaye madereva wetu wanampenda sana, nayo ni ile dawa ya kung'arisha tairi. Nyingi kati ya dawa hizo zina silikoni. Tone dogo tu la silikoni likibaki kwenye rimu, rangi inakimbia na kuacha vishimo vya mviringo kama macho ya samaki. Ukiviona, kupaka tena juu yake hakusaidii, mpaka urudi kwenye msasa. Kipimo chetu ni maji safi: mwagia rimu. Yakitandaa kama shuka, umemaliza. Yakijikusanya matone matone, mafuta bado yapo.

Sasa msasa. Namba ndogo ni mkali, namba kubwa ni laini. Kutu nene itoke kwa brashi ya waya, kisha msasa namba 80, mpaka chuma kionekane cheupe. Kutu ukiifunika itaendelea kula chini kwa chini. Baada ya 80, nenda 180, kisha 240, kisha 320. Usiruke. Mkwaruzo wa namba 80 hauondolewi na namba 320, utasugua hadi jioni na bado utauona siku rangi itakapokauka, na ndio hapo watu husema rangi ya siku hizi ni feki. Pale ambapo rangi ya zamani imeshika vizuri, huna haja ya kuifikisha kwenye chuma, ilainishe tu kwa 320 ili mpaka kati ya rangi na chuma usihisike ukipitisha kidole. Kidole kina macho kuliko macho yenyewe. Fumba macho upapase.

Naomba msasa wa rangi ya zamani ufanywe kwa maji. Wazee wetu hapa wanakumbuka kwamba reli ya kutoka Kaliua ililetwa Mpanda hasa kwa ajili ya machimbo ya risasi, yaliyofanya kazi miaka ya 1950. Risasi ilitumika sana kwenye rangi duniani, na ni sumu ya ubongo wa mtoto. Rangi usiyoijua umri wake, usiigeuze kuwa vumbi linalopeperuka uani ambako watoto wanacheza na kuku wanadonoa. Kwa maji, uchafu unabaki tope. Tope linakusanywa, na wewe unanawa mikono kabla ya kushika ugali.

Rimu za alumini, zile tunazoita sport rimu, zina tabia yake. Hazishiki kutu nyekundu, zinatoa unga mweupe, na rangi ya kawaida haizipendi. Zinahitaji praima ya alumini. Ukiweka praima ya chuma, rangi itang'aa vizuri mwezi mmoja, kisha itabanduka kama ganda la yai la kuchemsha. Uliza dukani, soma kopo.

Praima inapakwa nyembamba, mara mbili. Ikikauka, vishimo vidogo vya kutu vitajionyesha vyote. Hapo ndipo pa kutumia patii kidogo, kwa vishimo tu, si kwa ufa. Kisha msasa namba 400 hadi 600 kwa maji. Kijana akifika hapa anachoka, anaona praima imeshaweka sura nzuri, anataka rangi. Nawaambia, saa moja ya msasa juu ya praima inazidi makopo mawili ya rangi. Ukimaliza, lowesha rimu na uitazame kwa ubavu dhidi ya mwanga. Jinsi inavyong'aa ikiwa imelowa ndivyo itakavyong'aa baada ya rangi. Kama una mashaka ikiwa imelowa, rangi haitayaondoa.

Siku ya kupaka, tazama anga kabla ya kutazama kopo. Kwetu mvua ni za Novemba hadi Aprili au karibu na hapo, na miezi mingine ni vumbi. Kila msimu una ugonjwa wake. Wakati wa mvua hewa imejaa unyevu. Thina ikiruka haraka inapoza uso wa rimu, unyevu unatua juu ya rangi mbichi, nayo inageuka ukungu mweupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Wakati wa kiangazi, jua la saa saba linaipasha rimu moto mpaka rangi inakauka juu kabla haijatandaa chini, na mara nyingine inatoa malengelenge madogo. Shika rimu kwa mgongo wa mkono. Ikikuunguza, ngoja. Mimi nachagua asubuhi, kama saa mbili na nusu, umande umekwisha na upepo haujaanza. Kivuli cha mwembe hapana, mwembe unaangusha vitu. Banda lenye paa na lililo wazi pande mbili linafaa. Nyunyiza maji sakafuni, vumbi lilale. Funga mbuzi. Sifanyi mzaha, mbuzi mmoja akipita anatimua vumbi la kutosha kuharibu rimu nne.

Weka rimu juu ya ndoo iliyopinduliwa ili uweze kuizungusha, badala ya wewe kuizunguka. Kama ni kopo la kupuliza, litikise dakika mbili nzima, ulishike sentimeta 20 hadi 25 kutoka kwenye rimu, uanze kupuliza nje ya ukingo na kumalizia nje ya ukingo, kila mpito ufunike nusu ya ule uliotangulia. Ukisogea karibu mno rangi inalia machozi. Ukiwa mbali mno inafika ikiwa imeshakauka nusu, nayo inakaa kama mchanga. Mpako wa kwanza uwe kama ukungu tu, uone chuma bado. Ngoja dakika 10 hadi 15. Wa pili ufunike. Wa tatu ndio unaoleta mng'aro, na huo uwe na maji kidogo zaidi, upite taratibu mpaka uone rangi inatandaa na kujifunga mbele ya macho yako. Ukiona uso wake unafanana na ganda la chungwa, rangi haikupata nafasi ya kutandaa, ama kwa uzito, ama kwa joto.

Asiye na kopo la kupuliza asikate tamaa. Rangi ya mafuta inayong'aa na brashi laini ya sentimeta 5 vinaweza kutoa rimu utakayojivunia. Ichuje rangi kwa kitambaa chepesi, maana kopo la zamani lina utando. Ipunguze kwa tapentaini kidogo, iteremke kwenye brashi kama uji mwepesi. Paka, kisha nyoosha kwa ncha ya brashi upande mmoja, na uiache. Anayerudiarudia anaacha mistari. Kesho yake msasa 600 kwa maji, kidogo tu, kisha mpako wa pili. Na tafadhali, petroli si thina. Nimeona inatumika kwa sababu iko karibu, kwenye pikipiki. Inaua mng'aro, na mvuke wake unasubiri mtu mmoja mwenye jiko au sigara. Wala usiweke thina kali juu ya rangi ya mafuta ambayo haijakomaa, itakunjamana kama utando wa maziwa. Kila kopo lina maelezo ya muda wa kurudia, yasomwe.

Nimefika mahali ambapo nataka kamati zinisikilize kuliko mafundi. Mng'aro mkubwa kuliko wote, ule wa magari mapya, unatokana na klia yenye vitu viwili, klia yenyewe na hadina yake. Vikichanganywa vinagandana vikawa vigumu kama kioo, petroli haivigusi. Ni kazi nzuri mno. Lakini hadina hiyo ina kemikali ziitwazo isosayaneti. Zikipulizwa zinakuwa ukungu, ukungu unaingia mapafuni, na mwili wa mtu unaweza kuzikataa maisha yake yote. Kijana anaanza na kikohozi cha jioni, kisha kifua kinabana, kisha hata harufu kidogo ya karakana inamwangusha. Nchini Uingereza, ambako karakana zina mashine za kuvuta hewa, kemikali hizi zimehesabiwa miongoni mwa visababishi vikuu vya pumu ya kazini. Na huwezi kuzitegemea kwa harufu, kwa sababu zinaweza kudhuru kabla pua haijazijua. Leso iliyofungwa usoni haizuii. Barakoa ya hospitali haizuii. Hata barakoa yenye vichujio vya mkaa inafaa kwa muda mfupi tu na lazima ibane uso sawasawa. Kinachopendekezwa ni kofia inayoletewa hewa safi kwa bomba.

Sheria yetu ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Parokia inayompa kijana kazi ni mwajiri. Kwa hiyo kama kamati haina fedha ya vifaa hivyo, isiagize klia ya hadina. Iagize rangi ya mafuta, au klia ya kopo moja isiyo na hadina. Itang'aa pungufu kidogo, itadumu pungufu, mtaipaka tena baada ya muda. Mfadhili akiuliza kwa nini rimu hazifanani na za kiwandani, mwelezeni hivyo hivyo. Naamini mfadhili mwenye akili atapendelea kupeleka fedha kwenye barakoa. Tena rangi yoyote, hata ya kopo moja, ipulizwe mahali pa wazi, watoto wakiwa mbali.

Kukauka nako kuna uvumilivu wake. Rangi ya mafuta inashikika baada ya siku moja, lakini kukomaa inachukua wiki moja au zaidi. Msiikaushe juu ya jiko la mkaa, na msithubutu kuweka motoni rimu yenye tairi, tairi linaweza kupasuka kwa nguvu ya bomu. Rimu ya alumini ikipata moto mkali inalegea hata kama hauoni kwa macho. Ikishakomaa, kama kuna chembe za vumbi, zisugue taratibu kwa msasa namba 2000 wenye maji na tone la sabuni, kisha ung'arishe kwa dawa ya kung'arishia na kitambaa laini, halafu nta. Usifanye hivyo kwenye rangi ya fedha isiyo na klia juu yake; utafuta ule unga unaometa na utabaki na mabaka.

La mwisho ni nati. Pale nati inapokaa, na upande wa nyuma wa rimu unaogusana na habu, pasipakwe rangi nene. Mimi napafunika kwa gundi ya karatasi kuanzia siku ya praima. Rangi iliyobanwa kati ya chuma na chuma inasagika gari likitembea. Ikisagika, nafasi inabaki, nati inalegea yenyewe, na gurudumu linaweza kumpita dereva barabarani. Ukingo wa tairi nao, kule ndani, upate praima na mpako mwembamba uliolainishwa, basi. Gari likishavaa magurudumu, kaza nati kwa mtindo wa msalaba, si kwa kuzunguka, halafu likitembea kilometa 50 hadi 100 lisimamishwe, nati zikazwe tena. Dereva aandike kwenye kitabu cha safari kwamba amezikaza, na katibu wa kamati akione.

Nimeulizwa na mama mmoja kama haya yanafaa kwa pikipiki na baiskeli. Yanafaa, ila kwenye rimu ya baiskeli ambayo breki zinashika ukingo, ukingo huo usipakwe kabisa, breki hazitashika. Na kijana mmoja ameuliza atoze kiasi gani. Mwanangu, hesabu msasa, thina, praima, rangi na siku zako tatu, kisha mwambie mteja kabla hujafungua nati ya kwanza. Rimu mbili za mazoezi ziko kule bandani, moja imeshaoshwa. Anayetaka kujaribu aje na kitambaa chake cha pamba.